Bi Verlene Alipoondoka na Helmeti

Vuli ile ya mwaka 1998 nilikuwa na kazi yangu ileile pembeni ya uwanja: kushika fimbo ya mnyororo. Futiboli yetu, hii ya helmeti na mabega ya plastiki, hupimwa yadi kumi kumi, na lazima wawepo watu wawili wenye mnyororo wa kuonyesha kama yadi zimetimia au bado. Kazi hiyo niliifanya miaka ishirini na miwili, na pale nilipokuwa nasimama, benchi la Chuo cha Pruitt, chuo cha mji wetu, halikuwa mbali nami hata hatua kumi. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Yale ambayo sikuyaona alinisimulia Verlene Gaddis, jirani yangu, tukiwa barazani kwake tunabangua njugu za pekani.

Verlene ndiye aliyekuwa anaangalia afya ya wachezaji. Alikuwa anafunga bandeji vifundo vya miguu, anakanda misuli, anaosha majeraha, anaamua nani arudi uwanjani na nani apumzike. Hakuwa daktari, ila wachezaji walimwamini kuliko daktari. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na sita, mjane, mwembamba, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi. Tena alikuwa mwoga. Simsengenyi, yeye mwenyewe hukuambia. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa kusimama kanisani kusoma matangazo. Akilazimishwa kusoma, karatasi ilimtetemeka mikononi mpaka ukaisikia kutoka kiti cha nyuma.

Ila kuna woga mmoja ambao haukuwa wa kuzaliwa nao. Mwaka 1971, akiwa mwanafunzi wa miaka kumi na tisa kwenye chuo kimoja cha Alabama, alikuwa anabeba ndoo ya maji mazoezini. Siku moja ya Agosti, jua limewaka mpaka nyasi zinanuka kama nguo iliyoungua pasi, mchezaji mmoja mnene aitwaye Lamar Coy alimjia akaomba maji. Kocha akapiga kelele, "Maji yanawalegeza! Mwaga hiyo ndoo!" Verlene akaimwaga. Lamar akarudi mazoezini, na baada ya nusu saa akaanguka kifudifudi. Jioni ile ile akafa.

"Kocha hakunishika mkono," Verlene aliwahi kuniambia. "Hakunitisha. Aliniambia mwaga, nikamwaga."

Basi kila Agosti ikifika, Verlene alikuwa halali vizuri wala hali chakula. Alipanga mabirika makubwa ya bati, yale ya kunyweshea ng'ombe, kando ya uwanja wa Pruitt, akayajaza maji na barafu, tayari kumtumbukiza yeyote ambaye angezidiwa na joto. Vijana walimcheka.

"Bi Verlene, unataka kutugandisha kama kambale wa dukani?"

"Kambale aliyeganda haozi," aliwajibu. "Kunywa maji, wewe. Kunywa tena. Nikuone unameza."

Agosti ile ilipita salama, na msimu ukaanza kwa namna ambayo mji wetu ulikuwa umeisahau. Pruitt haikuwa imechukua ubingwa wa kanda kwa miaka kumi na tisa. Tukashinda mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tukapoteza moja kwa pointi mbili, tukashinda tena. Kinyozi aliandika matokeo kwa sabuni kwenye kioo chake. Mchungaji alifupisha mahubiri ya Jumapili kwa sababu alijua watu wanataka kutoka nje waongelee Jumamosi.

Sababu ya yote hayo ilikuwa kijana mmoja, Cortez Bynum. Yeye ndiye mrushaji wetu, mchezaji ambaye kila mpira huanzia mikononi mwake. Alilelewa na bibi yake kule kwenye mashamba ya pamba, maili sita kutoka mjini. Alikuwa mrefu, mpole, na kichwa chake kilikuwa kikubwa kiasi kwamba chuo kilimwagizia helmeti yake peke yake. Wenzake walimwita Tikiti.

Kwenye mechi ya saba, dhidi ya timu moja ya Arkansas, Cortez aligongwa akaanguka chali. Aliamka, akapunga mkono, akaendelea. Hakuna aliyeshtuka isipokuwa Verlene, ambaye hakuna siku ambayo hakushtuka. Jumatatu yake alimwona kwenye bwalo akimimina chai baridi ndani ya bakuli la uji wa mahindi, halafu akaliangalia bakuli kama mtu anayeangalia barua ya mwenzake.

Akamwita kwenye chumba chake cha kazi kwa mtihani wa waliogongwa kichwa aliokuwa anautumia siku zote. Alikuwa anampa mchezaji maneno matatu, wanazungumza mengine dakika tano, kisha anamtaka ayarudie.

"Kaa hapo. Nitakupa maneno matatu."

"Kengele, komamanga, farasi," Cortez akasema.

"Sijakuambia bado!"

"Aa, Bi Verlene, si ndiyo hayo kila mwaka? Timu nzima inayajua. Mpaka mpishi anayajua."

Verlene alicheka kwa mdomo tu. Ina maana kwa miaka yote ile hajui ni wangapi waliompita hapo vichwa vyao vikiwa vibovu. Akampa maneno mapya, na Cortez akakumbuka moja tu. Akampumzisha mechi ya nane. Tulishinda kwa taabu, na mitaani watu wakaanza kumsalimia Verlene kwa kifupi.

Kabla ya mechi ya tisa, daktari mzee wa mjini aliyekuwa anaisaidia timu alimmulika Cortez macho kwa tochi, akamwambia aguse pua yake, akaweka sahihi kwenye fomu. Verlene hakuridhika, lakini fomu ilikuwa na sahihi ya daktari, naye si daktari. Akanyamaza. Cortez akacheza, tukashinda.

Ikabaki mechi moja, nyumbani, na Chuo cha Calloway, watani wetu wa ng'ambo ya mto. Atakayeshinda ndiye bingwa. Alhamisi ya juma lile Cortez alikwenda kufungwa bandeji ya mguu, na Verlene akamwuliza tena.

"Kichwa kinauma?"

"Hakiumi."

"Niangalie ukisema hivyo."

"Si nakuangalia?"

"Unaangalia sikio langu, Cortez."

Kijana akainamisha kichwa. "Bibi ameshona gauni la rangi za timu. Hajawahi kuja uwanjani maisha yake yote, miguu yake haiwezi ngazi. Watu wa kanisani watambeba na kiti chake. Ukinitoa Jumamosi, Bi Verlene, utamweleza wewe."

Verlene alikwenda kwa Kocha Stampley. Rudell Stampley hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya sana. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya chini, na aliwafundisha vijana wake kuvua kofia mbele ya wanawake. Lakini kila mtu alijua kwamba bodi ya chuo imemchoka, na kwamba bila ubingwa hatakuwepo mwaka ujao.

"Ana sahihi ya daktari?" akauliza.

"Anayo."

"Una kitu gani kingine mkononi?"

"Ninaogopa tu, Kocha."

"Verlene," akamwambia, wala hakuwa anamdhihaki, "wewe unaogopa hata paka."

Jumamosi ilikuja na jua la baridi. Mahindi yalikuwa yanachomwa nyuma ya jukwaa na moshi ulitanda mpaka kwetu sisi wa mnyororo. Bibi yake Cortez alikaa kwenye kiti chake mbele kabisa, gauni la zambarau na dhahabu, kikapu mapajani. Tarumbeta za bendi hazikunyamaza hata dakika moja. Mpaka robo ya tatu inaisha, Pruitt ilikuwa na kumi na tatu, Calloway kumi.

Robo ya mwisho ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Cortez alirudi nyuma kurusha mpira, akitazama kulia. Beki wa Calloway alitokea kushoto, akambeba mzimamzima, na kichwa cha kijana kikapiga ardhi kwanza. Nilikuwa karibu. Sauti yenyewe haikuwa kubwa.

Aliinuka. Jukwaa zima likashangilia kuinuka kwake. Tulipiga mpira kuwaachia Calloway zamu yao ya kushambulia, na Cortez akaja benchini akitembea sawasawa kabisa. Verlene alikuwa amekwisha piga magoti mbele ya kiti chake kabla kijana hajakaa. Akamvua helmeti, akaishika kwapani.

"Sabuni, daraja, limau," akamwambia. Akamwuliza siku, akamwuliza timu, akamwuliza alichokula asubuhi. "Haya, nirudishie maneno."

"Sabuni. Daraja. Limau."

Kocha Stampley alikuwa amesimama juu yao. "Umesikia? Yote matatu. Yuko sawa."

Cortez akatabasamu, tabasamu pana la mtoto. "Niko sawa, Bi Claudine," akasema.

Kwa makelele ya tarumbeta hakuna aliyelisikia jina hilo ila Verlene. Akamsogelea sikioni. "Claudine ni nani?"

"Si wewe?" Cortez akajibu, kama anayeshangaa swali.

Verlene akasimama. Aliniambia kwamba hapo hata kumweleza Kocha habari za jina lile hakuweza.

"Kocha, huyu hachezi tena leo."

"Unasemaje?"

"Hachezi."

"Amekujibu kila kitu! Verlene, zimebaki dakika kumi na moja. Kumi na moja! Watu wamesubiri miaka kumi na tisa. Nipe hiyo helmeti."

Akanyoosha mkono. Na Verlene anakiri kwamba mkono wake mwenyewe ulianza kutoka, helmeti ikatoka kwapani, ikaanza kwenda kwa Kocha. Aliuona mkono unakwenda. Akaurudisha, akageuka, akaondoka nayo.

Mwanzoni watu hawakuelewa. Kisha wakamwona mwanamke yule mwembamba anapita nyuma ya benchi amekumbatia helmeti namba kumi na mbili, na jukwaa likalipuka.

"Rudisha helmeti, wewe mama!"

"Umelipwa na Calloway nini?"

"Mkamateni huyo!"

Mtu alimtupia glasi ya barafu ikampata begani. Alipita karibu nami, midomo inacheza. Nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anahesabu hatua, maana alihofia asipohesabu atasimama.

Chini ya jukwaa kulikuwa na chumba cha kufulia nguo za timu. Akaingia, akapiga komeo, akakaa juu ya rundo la taulo chafu na helmeti mapajani. Kocha msaidizi alimfuata, akagonga.

"Bi Verlene, fungua. Kocha hajakasirika. Fungua tuzungumze."

Verlene akaikumbatia helmeti.

"Fungua, mama! Hiyo helmeti ni mali ya chuo!"

Alijibana mdomo kwa kiganja asije akasema ndiyo. Alijijua. Mtu akimwamuru mara ya tatu, atafungua. Lakini mtu yule alipiga mlango teke moja akaenda zake. Juu yake miguu ya watu elfu nne ilikuwa inakanyaga saruji, vumbi likamdondokea kwenye miwani.

Kisha jukwaa lote juu likanguruma. Verlene hakujua ni ngurumo ya nini. Ya furaha? Ya hasira? Akasikiliza. Ikaja nyingine, ndefu zaidi. Ndipo likamjia wazo lililomtoa jasho mwili mzima kwenye baridi ile.

"Hosie," aliniambia, "nilikuwa nimechukua kofia nikaacha kichwa."

Helmeti ilikuwa naye, salama, nyuma ya komeo. Cortez alikuwa kule, peke yake, katikati ya watu wanaomtaka acheze. Huenda wamempa nyingine. Huenda kelele zile ni za kumwona anarudi uwanjani. Verlene akasimama akashika komeo, na hapo akakwama. Kule nje kulikuwa na watu wote aliowajua maishani, na wote walikuwa wamemkasirikia. Anasema alisimama mkono ukiwa kwenye komeo kwa muda ambao hawezi kuupima, anadhani anavuta na halitoki, mpaka akagundua kwamba alikuwa anasukuma badala ya kuvuta.

Mimi wakati huo nilikuwa naona anachokihofia. Mtunza vifaa alileta helmeti ya mchezaji mwingine, wakaipanua vibanio. Kocha Stampley akaichukua akampa Cortez mwenyewe.

"Jaribu hii, mwanangu. Inakubana?"

"Iko sawa, Kocha."

Iliingia kwa shida. Kilichobaki ni kufunga mkanda wa kidevuni, kitu ambacho mchezaji hufanya mara mia kwa siku bila kufikiri. Cortez akapeleka mkono wa kulia kwenye kifungo. Vidole vikateleza kwenye shavu. Akajaribu tena, vikateleza. Mara ya tatu akakosa uso kabisa, mkono ukaenda pembeni ukaning'inia, naye akaendelea kutabasamu kana kwamba kifungo kimefungwa.

Kocha alikuwa anamtazama. Nilimwona usoni. Nimewahi kuona watu wakiletewa habari za msiba, na huo ndio uso aliokuwa nao.

Verlene akatokea anakimbia, mikono mitupu, nywele zimemwangukia. Akapiga magoti, akaweka vidole vyake viwili katika kiganja cha kulia cha kijana.

"Nibane."

Vidole vya kijana havikusogea.

"Nibane vidole, mwanangu. Kwa nguvu."

"Nimebana," Cortez akasema.

Kocha akamvua ile helmeti taratibu, kwa mikono miwili, akaitupa chini. "Leteni gari la wagonjwa," akasema. Halafu akapaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Leteni gari!"

Mchezo ulisimama dakika sita kisha ukaendelea. Calloway walishinda, kumi na saba kwa kumi na tatu. Mimi nilipima yadi zao za mwisho na sikumbuki nilizipimaje.

Verlene alipanda gari lile. Kwenda hospitali kubwa ya Jackson ni saa moja na nusu katikati ya mashamba yaliyokwisha vunwa, na njia nzima Cortez alitapika mara mbili kisha akataka kulala. Verlene alikuwa anamwuliza bila kupumua: bibi yako anaitwa nani, mbwa wenu anaitwa nani, namba yako ni ngapi. Mhudumu wa gari akamwambia, "Mwache apumzike kidogo, mama." Akajibu, "Hapumziki mtu humu." Majibu yakawa mafupi, kisha yakawa miguno, na walipofika hospitalini hakukuwa na jibu tena. Madaktari wa pale walimfungua fuvu wakatoa damu iliyokuwa inakandamiza ubongo.

Bibi yake alifikishwa jioni na watu wa kanisani, bado yuko ndani ya gauni la zambarau. Verlene alimweleza yote, mpaka lile jina. Bibi akafunga macho. "Claudine alikuwa anaendesha basi la shule Cortez akiwa na miaka sita," akasema. "Alihamia Chicago zamani." Akamshika Verlene mkono, wakakaa hivyo mpaka daktari akatoka kuwaambia kijana yu hai.

Verlene akamwuliza daktari swali lililokuwa linamsumbua. Damu hii ilianza lini? Leo, au kwenye mechi ya saba?

"Hakuna anayeweza kusema," daktari akajibu. "Huenda ilikuwa inavuja kidogo kidogo tangu zamani. Huenda ni leo."

Mji ulipopata habari, watu wakageuka. Wiki ile Verlene aliletewa kuku wa kukaanga na pai za viazi vitamu mpaka akawa anatugawia majirani. Waliomzomea walimwita shujaa. Yeye hakutaka kulisikia neno hilo, maana anajua alinyamaza kabla ya mechi ya tisa kwa sababu ya karatasi yenye sahihi.

Kocha Stampley alikwenda kwake siku ya Jumatano, akasimama kwenye ngazi bila kupanda. Nilikuwa uani kwangu.

"Nilishampa helmeti nyingine, Verlene. Unajua hilo?"

"Najua."

"Kingefungika kile kifungo, ningemrudisha."

"Najua, Rudell."

"Mbona husemi kitu?"

"Nami mkono wangu ulikuwa unakuletea ile ya kwanza," Verlene akamwambia. "Panda ukae."

Bodi ilimwondoa Kocha mwezi wa kwanza. Alikwenda kufundisha historia kwenye shule moja kaskazini, na sijasikia kwamba alishika timu tena.

Cortez alikaa hospitalini wiki tano. Mkono wa kulia ulirudi nusu. Alijifunza kuandika kwa kushoto, akamaliza chuo akiwa amechelewa mwaka mmoja, na leo anafanya kazi ofisi ya ardhi ya wilaya. Kwa miaka miwili hakumsalimia Verlene. Wakikutana dukani alibadilisha njia, naye Verlene akawa anaogopa kwenda dukani.

Kisha Jumamosi moja mchana akaja mwenyewe nyumbani kwa Verlene. Nilikuwa pale nakaanga kambale, Verlene anakata kabichi. Cortez akakaa, akaangalia mikono yake.

"Nilikuchukia sana, Bi Verlene."

"Najua."

"Ningekuwa nimecheza mpira wa pesa. Kila mtu alikuwa anasema."

"Walikuwa wanasema."

"Bado nakuchukia kidogo. Siku za mvua, mkono ukiuma."

"Basi nichukie siku za mvua," Verlene akasema, akaweka kisu mezani. "Leo kuna jua. Umekula?"

Hakuwa amekula. Alikula sahani mbili, akaomba nyingine ya kumpelekea bibi yake, akaiweka kwenye kiti cha mbele cha gari na kuifungia mkanda kwa mkono wa kushoto, akaondoka.